AMANA YA ULINZI: BAINA YA ASKARI, KIONGOZI NA RAIA

Khutuba ya Ijumaa, Kharumwa, Mkoa wa Geita

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mfalme ambaye hadhulumu wala haridhii dhuluma. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nauusia kwanza moyo wangu, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maneno yetu ya leo yanahusu jambo linalosemwa kila siku kwenye vibaraza vya kahawa, kwenye mialo ya kuoshea dhahabu na sokoni, lakini hulisikii mara nyingi juu ya mimbari. Raia husema kwamba polisi hawafiki wanapoitwa, na wakifika huja kutafuta cha kuchukua. Askari naye husema kwamba watu wa huku wanamjua mwizi, wanamjua muuaji, na wakiulizwa wote hawakuona. Na kiongozi wa siasa, naye akiwa baina yao, kila upande humwambia neno linaloufurahisha. Hali hii haikuanza jana, wala haikuanza Usukuma.

Wafasiri wa Qur'ani wamesimulia kisa cha Al-Walid bin Uqba. Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma kwa Banu Mustaliq, kabila lililokuwa limekwisha kusilimu, ili akakusanye zaka. Wao waliposikia kwamba mjumbe wa Mtume anakuja, wakatoka kundi zima kwenda kumlaki kwa furaha. Al-Walid, kwa kuwa katika zama za ujahili palikuwa na uadui baina yake na wao, alipouona ule umati akaingiwa na hofu. Hakungoja kuuliza. Akageuza mnyama wake, akarejea Madina, akasema kwamba watu wale wamekataa kutoa zaka na wametaka kumwua. Habari ikachafua nyoyo, na jeshi likakaribia kutoka. Hapo ndipo ilipoteremka ile aya ya sita ya Suratul-Hujurat, inayowaamrisha waumini wachunguze habari kabla ya kuitenda, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta.

Litazameni jambo hili kwa makini. Kwa mujibu wa kisa hiki mjumbe wa dola hakutoka Madina na nia ya kudhulumu. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa na historia. Wale waliotoka kumlaki hawakujua kwamba kutoka kwao kwa wingi kutafasiriwa kuwa ni vita. Na sisi wa huku tunapoitana kwa mwano usiku, wanaume wakatoka na marungu na tochi, askari mgeni aliyehamishiwa kituoni mwezi uliopita ataona nini? Atajua vipi kwamba watu hawa wametoka kumsaka mwizi wa ng'ombe, wala hawakutoka kumwendea yeye? Ndiyo maana Uislamu haukumwachia mtu mwenye madaraka aifuate hofu yake. Umemlazimisha kuchunguza.

Ndugu Waislamu, sisi tulioko baina ya Shinyanga na Geita tuna kisa chetu wenyewe, na vijana wengi hawakijui. Katika miaka ya 1970, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa yamezidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo Geita yote, pamoja na Kharumwa yetu, ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita na Wilaya ya Nyang'hwale vimezaliwa mwaka 2012. Wengi wa waliouawa walikuwa ni mabibi, wajane wazee, ambao ushahidi wa uchawi wao ulikuwa ni macho mekundu. Na macho yale, wallahi, yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mabua ya pamba, kwa miaka 40 ya kuwapikia hao hao waliokuja kuwakata mapanga.

Serikali ikaona kwamba haiwezi kunyamaza, nayo ilikuwa na haki. Mwaka 1976 maofisa wa polisi na wa usalama wakaingia vijijini, wakakamata watu wengi, ili wawapate wauaji. Lakini badala ya kuchunguza, wakaanza kutesa. Watu walipigwa na kuumizwa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa wale waliowashika. Yaani kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya kuzuia damu isiyo na hatia, ikamwaga damu nyingine ambayo mahakama haikuwa imeihukumu. Mwenye kuteswa hukiri lolote. Atakiri alilolitenda na asilolitenda, atamtaja jirani yake, atamtaja ndugu yake. Basi ofisa anayeandika maneno ya namna hiyo, akadhani amepata ukweli, amejidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya hakimu.

Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa ni Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Hakuwamo katika vyumba vile vya mateso. Hata hivyo mwezi wa Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ile ilikuwa chini yake. Akajiuzulu pamoja naye Ndugu Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na mambo ya usalama, na wakuu wa mikoa yote miwili, wa Mwanza na wa Shinyanga, nao wakaacha vyeo vyao. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani, wakahukumiwa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tumezoea kulifasiri fundisho hili kwa baba na watoto wake, na ni sawa, lakini mwanzo wake katika mafundisho ya Mtume ni mtawala na raia wake. Mzee Mwinyi alilifahamu kwa maana yake ya mwanzo. Akapelekwa Misri kuwa balozi, na watu wengi walidhani habari zake zimekwisha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, wengi walimkumbuka kwa ruhusa ya biashara na kwa upole wake. Sisi wa kanda hii tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lakini niseme jambo moja ambalo huenda lisimpendeze kila mtu. Kujiuzulu hakukuwafufua waliokufa. Mjane wa Shinyanga aliyempoteza mumewe mahabusu hakupata chakula cha watoto kwa sababu waziri ameacha gari. Kujiuzulu ni heshima ya mwenye kujiuzulu, na ni onyo kwa atakayekuja baada yake. Haki ya aliyedhulumiwa ni deni jingine, linabaki palepale mpaka lilipwe, hapa au kwa Mwenyezi Mungu. Tusivichanganye viwili hivi.

Baada ya miaka michache likatokea jambo la pili. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha zimeenea, wizi wa ng'ombe na ujambazi umezidi, na wananchi wamechoka kumkamata mwizi asubuhi na kumwona sokoni jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia pande za Kahama na Nzega, wanavijiji wakajiunda wenyewe. Wengi huwaita Sungusungu. Wasukuma waliwaita pia Basalama, watu wa salama, na neno hili, kama mnavyosikia wenyewe, limetoka katika asili moja na jina la dini yetu.

Wizi ukapungua. Hilo halikatai mtu. Lakini polisi na mahakama hawakufurahi: waliona watu wanakamata, wanahukumu, wanapiga viboko, na pengine wanaua, bila hakimu wala wakili. Viongozi wa Sungusungu wakashitakiwa. Viongozi wa Chama, kwa upande wao, waliwasifu mikutanoni, kwani waliona huko ndiko ziliko nyoyo za watu. Basi mwanakijiji mmoja kwa kitendo kimoja akawa shujaa mbele ya mwanasiasa na mhalifu mbele ya polisi. Mambo yakaendelea hivyo mpaka mwaka 1989, Bunge lilipopitisha sheria ya kuwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata, chini ya sheria za mgambo.

Na wale mabibi wenye macho mekundu? Hapo ndipo panapouma. Sungusungu waliokusanyika kuzuia wizi, mahali pengine waliwageukia hao hao wanyonge. Mtu akitajwa kuwa mchawi alitengwa. Asipewe moto, asichote maji pamoja na wenziwe, asizikiwe maiti yake, mpaka ahame. Ilikuwa ni dhuluma ya polisi wa 1976 ikitendwa na raia: kuhukumu kwa tetesi. Tofauti ilikuwa ni nani ameshika fimbo. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba dhuluma ni tabia ya watu waliovaa sare, na kwamba sisi wa kanzu na mashati tumesalimika, na asome historia ya vijiji vyake.

Tuje katika zama zetu hizi za dhahabu. Ardhi yetu imekuwa na migodi mikubwa, Bulyanhulu upande mmoja na Geita upande mwingine, na baina yao maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maduara na makarasha yao. Mali ikiwa nyingi mahali ambapo watu wengi hawana kitu, ugomvi hauhitaji mwaliko. Mfano mmoja ni magwangala, yaani mawe ya kifusi ambayo mgodi mkubwa umeyatupa na maskini anajua kwamba ndani yake bado kuna chembe. Mwanasiasa husimama jukwaani akasema magwangala ni haki yenu, mtapewa. Makofi yanapigwa. Kisha yeye huenda zake, na vijana wakienda kuyafuata, hukutana na askari langoni, ambaye hakuahidi kitu wala hana mamlaka ya kutoa hata jiwe moja. Vijana hupigwa mabomu ya machozi, askari hupigwa mawe, na mwenye ahadi siku hiyo hayupo.

Hata viongozi wenyewe huingia katika mtego huu. Mwezi wa Septemba 2017 madiwani wa Geita walifunga barabara za kwenda mgodini, wakidai fedha za ushuru wa huduma ambazo walisema halmashauri zao hazijalipwa. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo madiwani na mbunge. Mimi siamui hapa nani alikuwa na haki katika hesabu za ushuru. Hiyo ni kazi ya wenye vitabu vya hesabu. Nasema hivi: mahali ambapo watunga sheria ndogo za wilaya wameona njia ya kusikilizwa ni kufunga barabara, mjue mashauriano yalikuwa yamekufa siku nyingi.

Na upande wa pili upo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imewapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, pakiwa na hatari kwa amani isiyoweza kuzuiwa kwa njia nyingine. Naye asipofikishwa kwa hakimu ndani ya saa 48 hana budi kuachiliwa. Ni uwezo wa dharura, kama ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto. Lakini tumesikia mara nyingi nchini mwetu ukitumiwa kwa mtu aliyejibu vibaya mkutanoni, au mtumishi aliyechelewa kikao, au diwani aliyeuliza fedha zimekwenda wapi. Askari huambiwa mchukue huyu muweke ndani, naye huchukua. Jina linalochafuka mtaani ni la polisi. Enyi wenye madaraka mnaotusikiliza, saa 48 za mtu asiye na kosa zimo katika daftari lenu, na hapatakuwa na karani wa kuzifuta.

Nasema kauli yangu hii, namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.

KHUTUBA YA PILI

Alhamdulillah, tena alhamdulillah. Swala na salamu juu ya Mtume wake mteule.

Ndugu zangu, tumesema juu ya wakubwa. Sasa tuingie majumbani mwetu.

Mtume (S.A.W.) alimwajiri mtu mmoja kukusanya zaka, aitwaye Ibn al-Lutbiyya. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyu asikae nyumbani kwa babake au mamake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Kisa hiki kinamhusu askari anayepokea, lakini zawadi haitembei yenyewe. Iko nyumba iliyoitoa. Dhamana ya polisi haina malipo. Fomu ya PF3, ambayo majeruhi huipeleka hospitalini, haina malipo. Anayekuomba fedha kwa vitu hivi amekosa, nawe unayezitoa haraka haraka ili kesi ya mwanao itangulizwe mbele ya kesi ya mtoto wa jirani asiye na kitu, usiseme umelazimishwa. Umenunua. Mtume amewalaani wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Wako pia wanaokwenda kituoni kumshitaki mtu kwa sababu ya mpaka wa shamba au deni la duara. Anajua kwamba hakuibiwa, lakini anataka mwenziwe alale ndani siku moja apate adabu. Mtume ametuonya kwamba yeye ni binadamu, huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe, akamhukumia kwa alivyosikia. Na mwenye kukatiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume mwenyewe amesema hivyo juu ya hukumu yake, vipi kuhusu koplo wa zamu aliyechoka saa nane za usiku?

Na nyinyi wanafunzi, jueni sheria za nchi yenu kama mnavyojua nguzo za sala. Haki za binadamu zimo katika Katiba yetu tangu mabadiliko ya mwaka 1984, na ibara ya 13 imekataza kumtesa mtu, na kumtendea mshitakiwa kana kwamba ana hatia kabla haijathibitika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka mpaka wa saa 24 kwa makosa mengi kabla mtu hajafikishwa mahakamani au kupewa dhamana. Kijana anayelijua hili akasema kwa adabu, kituoni, mbele ya baba yake aliyekamatwa, atamsaidia kuliko kijana aliyekuja na jiwe mfukoni.

Kuhusu jiwe, nasema wazi. Mwezi wa Septemba 2014 kituo cha polisi cha Bukombe, katika mkoa wetu huu huu, kilivamiwa usiku. Askari waliuawa na silaha zikaporwa. Waliouawa walikuwa ni watoto wa watu, waliokuwa zamu ili wengine walale. Asitokee mtu akasema moyoni kwamba wamestahili kwa sababu yeye alinyang'anywa pikipiki na askari mwingine, mwaka mwingine, mahali pengine. Hiyo ndiyo hukumu ya tetesi tuliyoisema. Na kadhalika tuliyoyaona katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, ghasia na vifo katika miji yetu, majonzi yake hayajakauka. Maiti hana chama, na mama yake haulizwi alimpigia nani kura kabla ya kupewa pole.

Lipo jambo moja ambalo liko katika uwezo wetu bila ya kungoja Dodoma. Jeshi la Polisi limeweka wakaguzi katika kata. Mkaguzi huyu ana jina, ana nyumba ya kupanga, ana watoto wanaosoma na watoto wetu. Mara ngapi tumemwalika katika futari? Mara ngapi mzee wa mtaa, imamu na mchungaji wamekaa naye siku ambayo hakuna maiti wala moto? Na kama kuna bibi anayeanza kunong'onwa, aliyetajwa na mganga kwa sababu mtoto wa jirani amekufa kwa malaria, basi mpelekeni taarifa leo, kabla ya usiku. Nendeni watu watatu au wanne, mseme tumekuja kuhusu mama fulani, tunahofia maisha yake. Mwandikishe, mpate namba ya taarifa, mrudi kesho kuuliza. Akipuuza, nendeni wilayani hapa hapa Kharumwa. Na usiku huo bibi yule alale katika nyumba ya mmoja wenu, mwanamume mwenye mji wake ajulikane na kijiji kizima kwamba amempokea.

Tuinue mikono.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa katika mahabusu za Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, uliyajua majina yao sisi tusipoyajua. Warehemu wakongwe waliokatwa mapanga kwa macho yao mekundu. Warehemu askari wa Bukombe, uwalee mayatima wao. Mpe nguvu ofisa anayeambiwa amweke ndani asiye na kosa, aweze kusema hapana. Wape viongozi wetu haya. Waponye waliojeruhiwa, wafungue waliofungwa bila haki, na uwape waliopotelewa na watoto wao habari za kweli.

Amin, Amin, Ya Rabbal-alamin.

Inukeni, mpange safu. Aqimis-swalah.